Mbwa Mwenye Bitana

Saa mbili asubuhi joto lilikuwa limekwisha kuamka kabla ya watu. Mama Chanuo alishuka garini, akafuta shingo kwa leso, na kabla hajaikunja leso hiyo shingo ilikuwa imelowa tena. Katika jiji lile, miezi ile, hewa yenyewe ilikuwa kama taulo bichi. Nguo zilizoanikwa alfajiri zilianuliwa jioni zikiwa na ubichi ule ule, chumvi iliganda mkebeni, na mtu aliyetoka kuoga hakujua maji yapi ni ya bomba na yapi ni yake mwenyewe.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa msusi wa watu, kisha akahamia kwa mbwa. Waliomcheka aliwajibu kwamba mbwa haji saluni na picha ya kichwa cha mtu mwingine. Alinunua gari dogo la mizigo, akalikata madirisha mawili ubavuni, akatia ndani tangi la maji, beseni refu la bati, meza yenye mpira wa kuzuia kuteleza, kipulizio cha kukaushia manyoya, na kiyoyozi kidogo ambacho dereva wake alikiita "mgonjwa" kwa sababu ya kukohoa. Dereva huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mwenye mikono ya kazi na mdomo usiojua likizo.

"Shemeji, huyu wa leo si mbwa, ni kesi," alisema dereva huku akivuta waya wa jenereta. "Amemng'ata bibi mwenye nyumba. Mimi nitakusaidia kwa dua, nikiwa nimepandisha kioo."

"Wewe ukiumwa, atakayekimbizwa hospitali ni mbwa," alijibu Mama Chanuo, akaendelea kupanga mikasi yake kutoka mdogo hadi mkubwa, kama alivyofanya kila siku.

Lakini moyo wake haukuwa katika utani. Jana jioni alikuwa amepigiwa simu na fundi cherehani asiyemfahamu, akaelezwa mambo kwa ufupi. Mbwa wake mkubwa wa manyoya, aitwaye Blanketi, alikuwa amemuuma mama mzazi wa fundi huyo siku ya Jumanne. Mama huyo ameamua kwamba mbwa hakai tena ndani ya nyumba ile. Leo saa kumi alasiri msimamizi wa bohari moja atakuja kumchukua akawe mlinzi. "Naomba umwoshe na kumnyoa kabisa," alisema fundi. "Huko ni juani. Nataka aondoke safi, na asiteseke na manyoya."

Mama Chanuo aliijua bohari hiyo. Ilikuwa na ua wa mabati usio na kivuli, na mbwa walifungwa kwa minyororo mifupi kutwa nzima. Mbwa wa manyoya mazito hangeumaliza msimu mahali pale, akinyolewa au asinyolewe. Hakusema kitu kwenye simu, kwa kuwa aliitwa kuosha, si kushauri.

Mlango ulifunguliwa na mama yake fundi mwenyewe, mwanamke mrefu aliyenyooka kama rula, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kifundoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye msusi wa mbwa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi leo umepata bibi harusi mwenye meno. Karibu ndani."

Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Palikuwa na cherehani dirishani, pasi juu ya ubao wake, na meza pana ya kukatia iliyojaa vitambaa, chaki na pini. Fundi alisimama karibu na meza hiyo, futi ya kupimia ikiwa imemning'inia shingoni. Alikuwa mtu mpole wa miaka hamsini hivi, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Akaonyesha chini ya meza.

"Yuko huko. Tangu Jumanne hatoki ila kwenda haja na kuogeshwa. Aliachwa hapa na mpangaji wetu aliyehamishwa kikazi. Miaka miwili sasa. Kabla ya hapo hajawahi kumuuma mtu, hata kuku wa jirani hajawahi kumfukuza."

Mama Chanuo alichutama, ubavu wake ukimwelekea mbwa, ili asimkazie macho. Kilichomfikia kwanza kilikuwa harufu, nayo haikuwa ya uchafu. Ilikuwa harufu ya jamvi lililolowa likakunjwa. Kisha akamwona mnyama mwenyewe: mweupe wa kijivujivu, kifua kipana, shingo imezungukwa na manyoya mazito kama mto. Mbwa hakunguruma. Aliutazama mkono uliokuwa ukimjia polepole, na ulipokaribia shingo, mdomo wake wa juu ukapanda upande mmoja, jino moja likaonekana. Mama Chanuo akausimamisha mkono papo hapo. Alikuwa ameona mbwa wakali wengi. Hasira yao hutangulia mbele. Huyu alikuwa akirudi nyuma.

Fundi ndiye aliyemvisha ukanda laini wa kufunga mdomo, kwa kuwa mkono wake pekee ndio uliokubaliwa, naye alifanya hivyo huku akimnong'oneza maneno ya kumbembeleza. Wakambeba wawili hadi garini, wakamweka mezani. Dereva, ambaye dua yake ilikuwa imekwisha mapema, alishika kiuno cha mbwa kwa uangalifu wa mtu aliyebeba kapu la mayai.

Mama Chanuo hakufungua bomba. Aliyatenga manyoya kwa chanuo la meno mapana, mstari baada ya mstari, kama alivyokuwa akitenga nywele za watu kabla ya kusuka. Juu yalikuwa makavu. Chini, kwenye manyoya ya ndani, laini kama sufi, yaliyoshikana na ngozi, vidole vyake vilikuta ubichi. Akasogea hadi shingoni. Hapo sufi ilikuwa imesokotana ikawa bonge moja, na alipouinua ukingo wake aliona ngozi nyekundu, iliyochubuka na kuvuja, upana wa kisosi. Chini ya kwapa palikuwa na kidonda kingine.

"Ameoga leo?" aliuliza.

"Leo bado," alisema fundi, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi ya nyuma ya gari. "Huoga saa saba mchana. Kila siku, ndoo mbili, tangu joto lianze. Sijakosa hata siku moja. Wengine huwaacha mbwa wao wakahema tu, lakini mimi nafuata maelekezo ya wataalamu. Ngoja nikuonyeshe."

Akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyotobolewa na pini kwenye pembe nne, akampa. Ilikuwa nakala ya nakala, yenye mstari mweusi pembeni. Juu yake palikuwa na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari kwa rula: *Maelekezo ya Kumtunza Mbwa Msimu wa Joto*. Chini yake yalikuwepo mambo matano yenye namba, na la tatu lilisema: *Mmwagie mbwa maji mwili mzima kila siku mchana, apoe.*

Mwandiko ulikuwa wake.

Aliukumbuka usiku, meza na kalamu. Mwaka uliopita wateja wake wa mtaa wa pili walikuwa wakimuuliza maswali yale yale, ndipo alipokaa akayapanga majibu, na shemeji yake akaenda kutoa nakala thelathini. Mbwa wote wa wateja hao walikuwa wa manyoya mafupi, wale ambao maji hukauka juu yao kabla mtu hajarudisha ndoo mahali pake. Hakuandika kwamba maelekezo yalikuwa ya mbwa wa aina hiyo. Hakuona haja, maana hakuwa na mbwa mwingine akilini. Karatasi ikaruka ua, ikapita mkono kwa mkono, hadi ikafika mahali ambapo hakuitarajia, kwa mtu mwaminifu kupita kiasi.

"Jirani alinipa," alisema fundi. "Aliyeiandika ni mtu wa kazi, unaona ilivyopangwa vizuri."

Mama yake fundi alikuwa amekuja mlangoni, akaegemea fremu, mkono wa bendeji umeshikiliwa kifuani. "Karatasi hiyo ndiyo iliyonimalizia mashaka," alisema. "Ningejua mwanangu anamtesa mnyama, ningesema kosa ni letu. Lakini amefanya kila kilichoandikwa. Mtoto akilelewa kwa kitabu, kisha akamng'ata bibi yake, kosa si la kitabu. Ni la mtoto."

Dereva alikwisha kuitambua karatasi. Aliinama kana kwamba anatazama mguu wa meza, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Shemeji, meza mate unyamaze. Mtaa huu na ule wanaisoma hiyo. Kidonda tuseme ni kupe. Kupe hana wakili."

Ndani ya gari joto lilikuwa likipanda, na jasho lilimtiririka Mama Chanuo mgongoni kama mtu anayemhesabia uti wa mgongo. Alifahamu vizuri kwamba alikuwa akiishi kwa neno la watu. Hakuwa na ubao wa tangazo. Alikuwa na kuaminika tu, nyumba hadi nyumba. Akisema, jina lake lingevuka ua upesi kuliko karatasi yake ilivyovuka. Asiposema, mbwa huyu angefungwa mnyororo saa kumi, na karatasi ingebaki ukutani ikiwa imeshinda kesi. Mbwa alihema mbele yake, ulimi umetokeza chini ya ukanda, akimtazama bila kumlaumu. Hilo ndilo lililomshinda. Akapiga moyo konde.

"Mama," alisema, "kosa ni la kitabu."

"Nini?"

"Karatasi hii niliiandika mimi. Niliwaandikia watu wenye mbwa wa manyoya mafupi, na sikusema hivyo. Kwa mbwa kama huyu, jambo la tatu ni sumu." Akamgeukia fundi. "Wewe ni fundi, utanielewa. Ukilowesha koti lenye bitana ukalianika nje siku ya fukuto, nini hutokea?"

Fundi alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa na mteja. "Juu litakauka. Bitana haitakauka. Ukilivaa hivyo au ukilikunja, ndani linafanya ukungu, kitambaa kinaoza kuanzia…" Akakomea hapo.

"Huyu ana bitana," alisema Mama Chanuo. "Manyoya ya juu na sufi ya ndani. Maji yakifika ndani, katika hewa yetu hii, hayatoki kwa siku mbili. Naye aliongezewa mengine kila siku." Akaliinua bonge la shingoni ili waone.

Fundi aliona, akakaa kwenye ngazi ya gari. Futi ya kupimia ilimwanguka shingoni asiiokote. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimwozesha. Na nilikuwa nikimwimbia."

"Mkono ulikuwa wako, neno lilikuwa langu. Usinichukulie fungu langu." Kisha, kwa heshima, akamwuliza mama, "Siku ile alipokuuma, mama, ulimshika wapi?"

"Shingoni," alisema mama huyo. "Alikuwa karibu kuangusha pasi. Nikamkamata hapo hapo, nikamvuta kwa nguvu zangu zote." Akalitazama jeraha, kisha bendeji yake, kama mtu anayelinganisha vipande viwili vya kitambaa kimoja. Uso wake haukulegea. "Sikiliza, msusi. Maneno yako mazuri, lakini mkono ni wangu, na nimebaki na mmoja mzima. Mtu wa bohari anakuja saa kumi. Kama kufikia hapo mbwa anashikika, nitasikiliza. Kama hashikiki, aende."

"Basi anyolewe upesi," alisema fundi akisimama. "Kila kitu. Dakika ishirini, yatoke yote."

"Hapana," alisema Mama Chanuo. "Ukiing'oa bitana na koti, utamwacha bila hata shati. Manyoya ya juu ndiyo mwavuli wake. Nitanyoa pembeni mwa vidonda tu, nivisafishe, na kesho asubuhi nitampeleka mwenyewe kwa daktari wa mifugo, maana mimi si daktari. Leo kazi ni moja: akauke hadi kwenye ngozi."

Kazi hiyo moja haikuwa ndogo. Hewa ya moto ingempika mbwa mzima, kwa hiyo kipulizio kilibidi kitoe hewa baridi, na hewa yenyewe ilibidi kwanza ikaushwe na kiyoyozi. Alikata bonge la shingoni kwa mkasi mdogo, unywele kwa unywele, akiingiza kidole chake kati ya ncha ya mkasi na ngozi. Lilipoachia, mbwa alitoa sauti nyembamba, kisha akashusha kichwa juu ya meza kana kwamba ametuliwa mzigo. Waliendelea hivyo hadi saa sita. Nusu ya mgongo ilikuwa imefumuka, nyeupe, ikipepea kila kipulizio kilipopita.

Ndipo mgonjwa alipokohoa mara ya mwisho.

Dereva alizunguka nyuma, akarudi akiwa na mafuta hadi puani. "Jenereta limechemka, shemeji, na mgonjwa ameungua nalo. Limekataa katakata. Hata mimi ningekataa."

Katika dakika kumi gari liligeuka jiko. Mbwa alianza kuhema kwa kasi, mbavu zikipanda na kushuka. Mama Chanuo alifungua milango yote, lakini kilichoingia kilikuwa mvuke. Kusimama hapo maana yake ilikuwa kumwacha nusu mbichi, na saa zilikuwa zikienda.

"Chumba cha kazi kina feni," alisema fundi kwa wasiwasi.

"Feni itazungusha unyevu tu."

Fundi akamgeukia mama yake, na wengine wakafuata macho yake. Mama na mwanawe walijua kwamba nyumba ile ilikuwa na kiyoyozi kimoja, na kilikuwa wapi. Binti wa yule mama alikituma kwa ajili ya presha yake, na mlango wa chumba chake cha kulala haukufunguliwa ovyo hata kwa wajukuu.

"Msinitazame kama nimewaficha funguo," alisema mama yake fundi. "Mleteni. Lakini atandikiwe shuka kuukuu, na huyo dereva avue viatu. Mbwa nimemzoea, yeye bado."

Hivyo mbwa aliyekuwa amefukuzwa nyumbani akaingizwa katika chumba kizuri kuliko vyote. Dereva, bila viatu na kwa unyenyekevu usio wa kawaida yake, alivuta waya wa umeme kutoka sebuleni. Fundi alipiga magoti upande mmoja akayatenga manyoya kwa vidole vilivyozoea kufumua mishono. Hakuruka hata mstari mmoja. Mama Chanuo alifuata nyuma yake na kipulizio na brashi. Mwenye chumba alikaa kitandani akisimamia.

"Hapo mmeacha."

"Wapi, mama?"

"Nyuma ya sikio. Ulipokuwa mdogo nilikuambia vilevile kila siku ya shule."

Saa ilipita, na nyingine, na nyingine tena. Chumba kilijaa sufi iliyokuwa ikielea, ikatua juu ya meza ya dawa, juu ya picha za ukutani, juu ya kichwa cha dereva, ambaye alisema kwamba sasa angalau ana mvi za heshima. Ile harufu ya jamvi ilipungua taratibu, mpaka mtu akiitafuta haioni. Mara tatu Mama Chanuo alizima kipulizio, akaweka shavu lake ndani ya manyoya, akatikisa kichwa na kuwasha tena. Mara ya nne hakuwasha.

"Amekauka," alisema. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

Mama yake fundi aliteremka kitandani. "Mfungueni mdomo."

"Mama, tungesubiri kidogo," alisema fundi.

"Mtu wa bohari hasubiri. Mfungue."

Ukanda ukatolewa. Mama huyo alinyoosha mkono wake mzima, si kwa haraka wala kwa uoga. Hakumgusa shingoni, aliuweka begani, mbali na kidonda. Mbwa alikakamaa. Mdomo wa juu ukatetemeka, na kwa muda ambao hakuna aliyeupima palikuwa na ngurumo ya kiyoyozi tu. Kisha mdomo ukashuka. Mbwa alijilamba pua, akautazama ule mkono kama mtu anayesoma barua mara mbili, akauacha ulipo.

"Bado ananishuku," alisema mama.

"Atakushuku kwa siku kadhaa," alisema Mama Chanuo. "Nitakuja kila siku ya tatu kumchana na kumkagua, mpaka ngozi ijifunge. Safari hizo ni zangu, msinilipe."

"Nami ninamshuku. Tuko sawa." Hakuuondoa mkono. "Na zile karatasi nyingine?"

"Tunatoka hapa tunakwenda kuzikusanya, mlango kwa mlango. Kila nyumba nitaieleza kwa mdomo wangu."

"Thelathini," alisema dereva kwa unyonge. "Na nakala za nakala. Shemeji, kuna watu watatufungulia mlango na kuna watu watatufungulia mbwa."

"Ndiyo maana nilipoolewa nilipewa na wewe," alisema Mama Chanuo, "ili utangulie."

Fundi alicheka, kicheko cha kwanza tangu asubuhi, na pengine ni kicheko hicho kilichomgusa mbwa. Aliinuka juu ya shuka kuukuu, akapanua miguu, akajikung'uta. Alianzia puani, wimbi likapita masikioni, likapita ile shingo ambayo kwa wiki nyingi haikuthubutu kutikisika, likaenda mgongoni hadi ncha ya mkia. Sufi iliyokuwa imebaki ikaruka yote kwa pamoja, ikawafunika wote wanne na kitanda na mito.

"Shuka zangu," alisema mama yake fundi, akipangusa nyusi.

Mlango wa mbele ukabishwa. Fundi aligeuka kumtazama mama yake, lakini yeye alikuwa amekwisha kushika njia, manyoya meupe yamemjaa mabegani. Walimsikia akivuta komeo, na sauti ya mwanamume ikisema kwamba amekuja kumchukua mbwa, na mnyororo ameleta.

"Pole kwa safari, baba," alijibu. "Umekuja siku mbaya; mnyororo rudi nao. Ndiyo kwanza amekauka."